Kura ya Miguu Bukavu: Nani Anaihesabu?

Mtu aliyechoshwa na watawala wake anaweza kuwaachia nchi na kwenda zake. Waingereza husema mtu huyo amepiga kura kwa miguu, na magazeti yetu ya Kiswahili yameupokea msemo huo hata umekuwa wa kawaida. Unatumika kwa mteja anayehama duka, kwa daktari anayekwenda kutafuta kazi Ulaya, na kwa kijiji kizima kinachobeba magodoro usiku. Ndani yake mna dai zito, kwamba kuondoka ni uamuzi wa kisiasa, na kwamba ukiwahesabu walioondoka na waliobaki utapata matokeo, sawa na pale sanduku la kura linapofunguliwa.

Dai hilo lafaa kupimwa Bukavu, mji mkuu wa jimbo la Kivu ya Kusini nchini Kongo. Mji huu, pamoja na komini zake za Ibanda, Kadutu na Bagira, umejazwa na watu waliotoka Walungu, Kabare, Kalehe, Mwenga na Shabunda, wengi wao wakiikimbia bunduki. Sasa wanakisiwa kupita milioni moja, lakini sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984, kwa hiyo mji umekua mara kadhaa bila mtu kuuhesabu. Na tangu waasi wa AFC/M23 waingie hapa katikati ya Februari 2025, nyayo za wakazi zimekuwa ushahidi unaogombaniwa. Wanaokimbia hutajwa na upande mmoja kuwa wamewakataa waasi. Wanaorudi hutajwa na upande wa pili kuwa wamewakubali. Ninaandika haya kwa sababu naona pande zote mbili zinajichukulia ridhaa ambayo watu hawakuitoa.

Tuanze na asili. Katika Seneti ya Roma, mjadala ulipomalizika, maseneta waliinuka na kwenda kusimama upande wa yule waliyekubaliana naye. Kilatini kilikuwa na maneno yake ya tendo hilo, kwenda kwa miguu kwenye rai ya mtu. Maseneta wa cheo cha chini, ambao mara nyingi zamu ya kusema haikuwafikia, walishiriki kwa njia hiyo peke yake, na jina lao la pedarii lilihusishwa na miguu hiyo. Bunge la Uingereza limehifadhi desturi inayofanana nayo: wabunge hupita katika kumbi mbili, ya ndiyo na ya hapana, wakahesabiwa wanapopita. Miguu ya Roma na ya London ilipiga kura kweli, kwa sababu mwenye kutembea alikuwa na haki ya kuwemo chumbani, pande zote mbili zilikuwa wazi kwake, na alikuwepo karani wa kuhesabu.

Maana ya leo ilizaliwa watu walipotoka chumbani. Mwaka 1917 jeshi la Urusi lilikuwa linayeyuka. Wakulima waliovishwa sare waliacha mahandaki na kurudi vijijini, ambako mashamba ya mabwana yalikuwa yanagawanywa. Lenin ndiye hunasibishwa na kauli kwamba askari hao waliipigia kura amani kwa miguu yao. Hata kama kauli hiyo imenolewa na wasimulizi waliofuata, inatufunza kitu. Lenin alihitaji amani na Ujerumani, aliyoipata Brest-Litovsk mwezi Machi 1918 kwa masharti machungu, na waliotoroka vita walimpa hoja. Msomaji wa nyayo alikuwa na haja na matokeo. Wakomunisti wa Ujerumani Mashariki walipofikiwa na hali ileile, wasomaji walibadilika: zaidi ya watu milioni 2.5 walikuwa wamehamia Magharibi kabla ya Agosti 1961, nchi za Magharibi zikaita hiyo kura, na wenye dola wakajenga ukuta Berlin.

Wanauchumi nao wakaingia. Mwaka 1956 Mmarekani Charles Tiebout alichapisha makala fupi iliyoleta mjadala mrefu. Alisema wakazi huchagua manispaa kwa kuhamia ile ambayo kodi na huduma zake zinawafaa, na hivyo kuhama kunaonyesha wanachotaka kuliko hata uchaguzi. Wanaomnukuu huwa wepesi kusahau masharti aliyoweka mwenyewe: watu wahame bila gharama, wajue kila mji unatoa nini, miji ya kuchagua iwe mingi, na mapato yao yasifungwe na mahali pa kazi, kana kwamba wanaishi kwa gawio la hisa. Mama anayeuza samaki wa sambaza karibu na soko la Kadutu hana hata sharti moja kati ya hayo.

Albert Hirschman aliona upande mwingine mwaka 1970, na alianzia Afrika. Alishangaa kwa nini shirika la reli la Nigeria halijirekebishi ilhali malori yanalinyang'anya mizigo. Jibu lake lilikuwa kwamba wateja wenye nguvu, ambao kelele zao zingeamsha wakubwa, ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia malori. Reli ikabaki na wasio na sauti, na serikali ikaendelea kuifidia hasara. Kuondoka kwaweza kumpumzisha mtawala mbovu, kwa kuwa wanaomsumbua wamemwachia uwanja.

Nimeirefusha historia hii kwa sababu msemo huletwa kwetu ukiwa mtupu, bila masharti yake. Mahali pa kuchagua, usalama wa kuchagua, na mtu wa kuhesabu: tukiwa na hayo mkononi, tuangalie miguu ya Bukavu.

Bukavu iko mpakani kabisa. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapo hapo mjini, na ng'ambo yake ni Rwanda. Kwa miaka mingi, kabla ya vita vya 2025, walikuwapo Wakongomani waliofanya kazi Bukavu mchana na kulala Kamembe, upande wa Rwanda, usiku. Walivuka mpaka wa Ruzizi ya Kwanza asubuhi na kurudi jioni kabla mpaka haujafungwa, kwa hati nyepesi za ujirani ambazo jumuiya ya CEPGL, iliyoanzishwa mwaka 1976 na Zaire, Rwanda na Burundi, ilikusudia kuzirahisisha. Waliwaeleza wenzao sababu bila kuficha: kodi ya nyumba ni nafuu, taa haizimiki, maji yanatoka, usiku hakuna anayegonga mlango na bunduki. Hapa nadharia ya Tiebout inakaribia kufaa kabisa. Mtu analinganisha tawala mbili kwa macho yake mwenyewe, anavuka daraja, analipia nyumba upande anaoupenda. Uchungu ulioje, kwamba umeme wa mabwawa ya Ruzizi, la kwanza likiwa limejengwa na Wabelgiji kabla ya uhuru, unazalishwa mlangoni pa Bukavu, na mkazi wa Bukavu anavuka kwenda kulala penye taa.

Lakini kura hiyo nzuri haikumwangusha mtu. Meya wa Bukavu kwa miongo mingi ameteuliwa, hakuchaguliwa. Shirika la umeme halikupoteza chochote mteja wa Nguba alipohamia ng'ambo, maana Kadutu kulikuwa na foleni ya watu wanaouhitaji umeme huo huo. Hirschman angeitambua hali hii mara moja. Mwalimu, mfanyakazi wa shirika, mfanyabiashara mwenye mtaji kidogo, hao ndio wangepeleka malalamiko redioni na kwenye ofisi za jimbo, na hao ndio waliokuwa na uwezo wa kulipa kodi ya nyumba Kamembe.

Wale walioingia mjini kutoka vijijini walikuwa katika hali nyingine. Baada ya 1994, na hasa katika miaka ya 2000, Walungu na Kabare zilishambuliwa mara kwa mara na wapiganaji wa Kihutu kutoka Rwanda waliojificha misituni. Kaniola na Nindja huko ni majina ambayo mtu wa Bushi, nchi ya Washi, hayasikii bila kunyamaza. Watu walianza kwa kulala porini na kulima mchana; baadaye wakaacha kulima. Wakaja Panzi, Essence, Cahi, Funu, wakajenga nyumba za mbao zilizobanana kwenye miteremko, ambako moto mmoja unateketeza makumi ya nyumba na mvua moja kubwa inashusha kilima. Je, hiyo ni kura? Waulize, watakuambia tulikimbia. Mwenye kukimbia hakulinganisha huduma za Bukavu na za Kaniola. Alichokikataa kinajulikana, lakini alichokichagua hakipo, kwa sababu hakuna mtu aliyechagua mteremko wa Funu kwa hiari yake.

Kuna uhamaji mwingine wa kanda hii ulio karibu zaidi na kura halisi. Katika miaka ya 1920 na kuendelea, maelfu kwa maelfu ya Wanyarwanda na Warundi walivuka kwenda Uganda na Tanganyika, kwa sababu kazi za lazima, viboko na kodi za Wabelgiji ziliwaelemea, na huko kwa Waingereza kulikuwa na mashamba ya pamba na kahawa yenye ujira. Walijua njia, walijua bei, wengi walikwenda na kurudi kabla ya kuamua. Utawala wa Kibelgiji uliliona tatizo na ukalijadili. Lakini utawala huohuo, kuanzia mwaka 1937, uliwachukua Wanyarwanda kwa mpango rasmi na kuwapeleka Masisi kuwa vibarua wa mashamba ya walowezi. Miguu ileile, kanda ileile, na safari hii karani ndiye aliyeiongoza. Hadi leo Kivu ya Kaskazini inagombana kuhusu nani alikuja lini, na katika ugomvi huo waliokuja kwa amri na waliokuja kwa hiari huchanganywa kana kwamba wote walipiga kura moja.

Kisa kinachonifanya niuogope msemo huu ni cha mwaka 1996. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walikuwa wamepiga kambi kuzunguka Bukavu: Inera, Kashusha, Nyangezi na kwingineko. Miongoni mwao walikuwamo wauaji wenye silaha waliowatawala wengine kambini, na walikuwamo wanawake, wazee na watoto wasio na hatia. Oktoba 1996 jeshi la Rwanda na waasi wa AFDL walizivunja kambi hizo. Bukavu ikaanguka mwisho wa mwezi huo. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba barabarani mjini. Wakimbizi wakagawanyika. Wengine walirudi Rwanda, wengine waliingia msituni kuelekea magharibi.

Tarehe 15 Novemba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kutuma kikosi cha kimataifa chini ya Kanada kuwasaidia. Siku hizohizo kambi ya Mugunga karibu na Goma ilikuwa imevunjwa, na umati mkubwa ukavuka mpaka kurudi Rwanda mbele ya kamera za dunia nzima. Serikali nyingi ziliusoma umati huo kama jawabu: wakimbizi wamerudi, waliobaki ni wale wasiotaka kurudi kwa sababu wana damu mikononi. Mwezi Desemba kikosi kilifutwa. Walioelekea magharibi waliendelea kutembea, kupitia Shabunda na Walikale hadi Tingi-Tingi, wakifa kwa njaa, kwa kipindupindu na kwa risasi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 iliandika mauaji yao mahali baada ya mahali. Mtoto wa miaka mitatu aliyebebwa mgongoni kuelekea Tingi-Tingi hakuwa amechagua upande. Mama yake alielekea kule ambako risasi hazikutokea. Waliokaa mbali wakaisoma njia yake kama tamko, na kwa kuisoma hivyo wakajiondolea wajibu wa kumwokoa.

Tofauti ya kura ya miguu na kura ya karatasi iko katika siri. Karatasi hukunjwa. Rais Mobutu alilijua hilo vizuri: katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1970 mpiga kura alipewa rangi mbili, kijani ya matumaini kwa anayemkubali na nyekundu ya machafuko kwa anayemkataa, mbele ya macho ya maofisa, na kura za kumpinga katika Kongo nzima hazikufika mia mbili. Miguu ni kura ya wazi kuliko hata rangi hizo. Jirani anakuona ukifunga mlango. Ukiondoka, nyumba yako inavunjwa na unaandikwa kuwa adui wa walioingia. Ukibaki, wale waliotoka watakuita mshirika wao. Ukirudi, pande zote mbili zitataka maelezo. Uamuzi unaofanywa chini ya macho hayo hauwezi kusomwa kama ridhaa, na Bukavu imekuwa chini ya macho hayo mwaka 1996, mwaka 1998, mwaka 2004 wakati wa makamanda waasi Nkunda na Mutebusi, na tena 2025.

Hata hivyo mji huu umewahi kupiga kura ya miguu iliyo safi, na nashangaa kwamba haitajwi sana. Ilipigwa kwa kutotembea. Chini ya utawala wa waasi wa RCD, ulioanza Agosti 1998, wakazi walitumia siku za ville morte: maduka yanafungwa, magari hayaonekani Nyawera wala Feu Rouge, watoto hawaendi shule, kila mtu anabaki kwake. Mapema mwaka 2000 mji ulinyamaza hivyo kwa siku kadhaa mfululizo. Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, ambaye katika ujumbe wake wa Noeli 1999 alikuwa amekemea unyonyaji wa nchi na wageni pamoja na wenyeji walioshirikiana nao, alilaumiwa na wakuu wa RCD kuwa mchochezi. Februari 2000 walimzuia asirudi jimboni kwake, wakampeleka Butembo. Wakristo wa Bukavu wakajibu kwa kufunga shule na kusimamisha ibada. Fikiria parokia za Kadutu Jumapili, bila misa. Septemba aliruhusiwa kurudi, na mji ukampokea kwa umati. Wiki chache baadaye, Oktoba 2000, alifariki Roma.

Pima tukio hilo kwa masharti ya maseneta. Kila mwenye duka alikuwa na njia mbili mbele yake, kufungua au kufunga. Hakupoteza nyumba wala shamba kwa kuchagua, ingawa alijiweka katika hatari na kupoteza mauzo ya siku. Siri ilikuwapo kwa kiasi, maana ni vigumu kumwadhibu mtu kwa kukaa nyumbani pale mji mzima unapokaa nyumbani. Na hesabu ilikuwa mbele ya wote: mtawala alipita barabarani akaona. Hirschman alitenganisha kuondoka na kupaza sauti. Bukavu ilipata njia ya kufanya yote mawili bila kuhama.

Kubaki nyumbani kwa aina ya pili, kule kwa siku za uchaguzi, hakuna mpangilio huo, lakini kunasema kitu. Raundi ya kwanza ya tarehe 30 Julai 2006 ilivuta asilimia 70 ya waliojiandikisha nchini kote. Kivu ya Kusini ilijitokeza kwa wingi, na katika raundi ya pili ilimpa Rais Joseph Kabila zaidi ya asilimia 95 ya kura zake, kwa matumaini kwamba atamaliza vita. Mwaka 2011 waliojitokeza nchini walikuwa karibu asilimia 59, na Vital Kamerhe, mwana wa jimbo hili, alimnyang'anya Kabila sehemu kubwa ya kura za hapa. Mwaka 2018 ilikuwa karibu asilimia 48, na mwaka 2023 karibu asilimia 43. Mwaka huo wa 2023 Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2018, aligombea urais na hakufikia asilimia moja. Kushuka huko kuna sababu nyingi, zikiwemo vituo vilivyofunguliwa kwa kuchelewa na vita vilivyowazuia watu wa Masisi na Rutshuru kupiga kura kabisa. Ila anayebaki nyumbani baada ya kuona matokeo ya 2018 yakipingwa na maaskofu Wakatoliki, ambao walikuwa na waangalizi wao karibu kila mahali, hawezi kuitwa mvivu.

Kinachosahaulika zaidi ni kwamba sheria ya Kongo yenyewe inazigeuza nyayo kuwa kura. Viti 500 vya Bunge la Taifa hugawanywa kwa majimbo ya uchaguzi kulingana na idadi ya walioandikishwa, kwa kuwa hakuna sensa ya kutegemea. Teritwari iliyokimbiwa inaandikisha watu wachache, kwa hiyo inaweza kupoteza kiti. Mji uliokimbiliwa unaandikisha wengi, kwa hiyo unaweza kupata. Kijiji kinachoshambuliwa kinapata hasara mara mbili. Kinapoteza mashamba, kisha kinapoteza mbunge wa kuuliza bungeni kwa nini mashamba yamepotea.

Tena kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho cha Mkongomani, kwani kwa miaka mingi hakuna kingine kilichotolewa kwa raia wote. Ndiyo inayoonyeshwa kwenye kizuizi cha barabarani, benki, na kwenye kupokea pesa kwa simu. Kwa sababu hiyo mtu hujiandikisha popote alipo siku ya kuandikishwa, hata kama hana nia ya kupiga kura, na siku ya uchaguzi anatakiwa kwenye kituo kilichoandikwa kwenye kadi. Akiwa amekimbia baada ya hapo, kadi inabaki kuwa kitambulisho, na haki ya kura imebaki kijijini. Walio nje ya nchi hali yao ni ya kusikitisha zaidi. Mwaka 2023 Wakongomani wa nje walipiga kura kwa mara ya kwanza, lakini katika nchi tano tu: Afrika Kusini, Ubelgiji, Kanada, Marekani na Ufaransa. Uganda, yenye wakimbizi wa Kongo zaidi ya nusu milioni, haikuwemo. Tanzania yenye kambi ya Nyarugusu haikuwemo, wala Burundi. Miguu iliyopata ndege ya Brussels ilipata na sanduku la kura. Miguu iliyofika kambi ya Nakivale, Uganda, haikupata.

Kwa mwanga huo tuitazame Februari 2025. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulichukuliwa tarehe 14. Kufikia tarehe 16 wapiganaji wa M23 walikuwa katikati ya mji. Katikati ya siku hizo wanajeshi wa serikali waliondoka, gereza kuu likafunguka, na maghala yakaporwa, likiwemo la Shirika la Chakula Duniani lililokuwa na karibu tani 7,000. Makumi ya maelfu ya watu wa Bukavu na uwanda wa Ruzizi walivuka kuingia Burundi, wengine wakipita majini, na uwanja wa mpira wa Rugombo ukawa kambi. Walio wengi mjini walibaki. Mwenye kiwanja alihofia kuporwa. Mwenye wazee nyumbani hakuweza kuwabeba. Benki zilifungwa, kwa hiyo hata mwenye akiba hakuwa na nauli. Aliyeondoka na aliyebaki mara nyingi walikuwa ndugu wa mama mmoja wenye maoni mamoja, waliotenganishwa na dola hamsini au na goti la bibi.

Tarehe 27 Februari waasi waliitisha mkutano wa hadhara Place de l'Indépendance. Umati ulipokuwa unatawanyika milipuko ilitokea, watu zaidi ya kumi wakauawa na makumi wakajeruhiwa, na pande mbili zikalaumiana. Aliyehutubia siku hiyo ni Corneille Nangaa, kiongozi wa AFC. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, CENI, na ndiye aliyetangaza matokeo ya 2018. Karani mkuu wa karatasi za Kongo nzima akasimama mbele ya watu wa Bukavu akiwa na bunduki nyuma yake. Waliokuja mkutanoni wasihesabiwe kuwa kura zake; waliokimbia milipuko wasihesabiwe kuwa kura za Kinshasa. Kilichokuwa uwanjani siku ile ni watu, na baadhi yao walifia pale.

Sikatai kwamba miguu husema. Mtawala ambaye raia wake wanalala ng'ambo ya mto anapaswa kujiuliza kwa nini, na aliyeingia mjini akakuta nyumba tupu anapaswa kujiuliza vilevile. Ninachokataa ni kuitumia miguu mahali pa karatasi, yaani kusema watu wameshaamua, kwa hiyo hakuna haja ya kuwauliza. Hoja hiyo itarudi kwa nguvu. Kwa mujibu wa katiba muhula wa rais wa sasa unaisha mapema mwaka 2029, na kabla ya hapo wapiga kura lazima waandikishwe. Bukavu itakuwa chini ya nani wakati huo? Watu wake walioko Burundi, Uganda na Kinshasa wataandikwa kuwa wa wapi?

Sheria inaweza kubadilishwa kabla ya hapo, bila kungoja vita viishe. Kadi mpya iandike makao ya sasa na pia teritwari ambayo mtu alifukuzwa, ili mkimbizi wa Walungu aweze kumchagua mbunge wa Walungu akiwa Rugombo au Nakivale. Kura ya walio nje ianzie katika kambi za nchi jirani kabla ya kuongezwa mji mwingine wowote wa Ulaya. Na hesabu ya viti isimame palepale ilipokuwa kabla ya vita kwa kila teritwari iliyokimbiwa, hadi wenyewe watakapoweza kurudi bila kuonyeshwa bunduki, au kutamka, kwa karatasi iliyokunjwa, kwamba wanakaa walipo.